Tafuta Upepo Kabla ya Kununua Rejeta

Gari limebadilishwa pampu ya maji, rejeta imejazwa mpaka mdomoni, kofia imefungwa. Kilomita chache tu, mshale wa joto unapanda. Dereva anaongeza maji, mshale unashuka. Kesho yake gari linachemsha tena. Hapo ndipo fundi hushauri thamostati ing'olewe, dawa ya uchochoroni inayopendwa kupita kiasi. Usikubali. Huenda mfumo haujatolewa upepo.

Maji yakimwagwa, hewa hukalia nafasi yake. Ukijaza upya, hewa hutafuta njia ya juu, lakini mipira imepinda, na thamostati, ambayo kwa Toyota nyingi hufunguka kwenye nyuzijoto 82 hivi, bado imefunga. Hewa hunaswa kwenye silinda hedi na kwenye hita. Haibebi joto kama maji, kwa hiyo hedi inaungua wakati rejeta ingali vuguvugu. Tena sensa ikikosa maji husoma uongo: mshale umetulia, kumbe hedi inapinda.

Anza gari likiwa limepoa kabisa. Kofia ya rejeta hushikilia presha ya bar 1 hivi kuzidi ya nje, ndiyo maana maji huvuka nyuzi 100 bila kuchemka. Ukiifungua ya moto, maji yatakurukia usoni.

Egesha gari pua ikitazama mlima, tairi za nyuma ziwekewe mawe, ili mdomo wa rejeta uwe juu kuliko injini. Weka hita kwenye joto la mwisho. (Dar wapo ambao hawajaigusa hita tangu gari lishuke melini.) Mimina kulanti polepole huku ukiminya mpira wa juu, utausikia ukigugumia. Subaru nyingi zina skrubu ya kutolea upepo kwenye kona ya juu ya rejeta: ilegeze mpaka itoke kulanti tupu, kisha ikaze kwa mkono mwepesi, maana ni ya plastiki.

Sasa washa injini, kofia ikiwa wazi, bila kukanyaga mafuta. Mwanzoni utaona kama hakuna kinachotokea. Ghafla mpira uliokuwa baridi unapata moto, maji yanadidimia mdomoni na mapovu makubwa yanapanda: thamostati imefunguka. Ongeza kulanti. Feni ikishawaka na kuzima mara mbili bila povu, na hita inapuliza hewa ya moto, funga kofia. Kesho asubuhi, injini ikiwa baridi, kagua tena. Kwa kawaida kiwango kitakuwa kimeshuka kidogo.

Hiace na Noah za zamani ni kaidi, kwa sababu injini iko chini ya viti na mipira ni mirefu hadi mbele. Rudia zoezi bila kuona haya. Na Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya bahari, maji matupu kwenye rejeta iliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, pengine kabla feni haijawaka. Mapovu hayo si upepo. Kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji huchelewa zaidi kuchemka.

Lakini mapovu yakianza injini ingali baridi, yasikome, na yazidi kila ukikanyaga mafuta, acha kujaza. Huo ni moshi wa silinda unaopenya kwenye gasketi ya hedi, na hedi lazima ifunguliwe.