Safari Rally: Urefu wa lenzi pekee hautoshi kunasa gari linalokimbia

GARI la mashindano linapochomoza nyuma ya migunga kando ya Ziwa Naivasha, mpigapicha ana sekunde mbili hivi za kufanya kazi yake. Zikipita hizo, gari limekwenda na kilichobaki ni vumbi. Mikondo mingi ya Safari Rally hupitwa mara mbili tu, asubuhi na alasiri, na anayekosa picha mara zote mbili hana pa kuidai.

Mashindano hayo yaliyoanza mwaka 1953 yalirejea katika ratiba ya ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu mwaka 2002. Mashabiki waliokuwa wakiyatazama kwenye televisheni sasa hufunga safari hadi Naivasha wakiwa na kamera shingoni, na wengi wao, wanapoingia dukani kutafuta lenzi ya kuvuta mbali, huanza kwa kuuliza urefu: je, milimita 300 zatosha, au ni lazima 400? Swali hilo ni la haki, lakini si la kwanza. La kwanza ni kama lenzi yenyewe inaweza kulifuata gari linalokuja usoni.

Mita kumi za mwisho

Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa hukata karibu mita 28 kila sekunde. Kamera inayopiga picha 10 kwa sekunde hulikuta limesogea karibu mita tatu kati ya picha moja na inayofuata. Lenzi ya milimita 200 iliyofunguliwa hadi f/2.8, ikielekezwa kwenye gari lililo umbali wa mita 20, huonyesha kwa ukali eneo lenye kina kisichofika mita mbili. Maana yake ni kwamba vioo vya ndani ya lenzi visiposogea kati ya picha na picha, picha ya pili huwa imeharibika tayari.

Kazi hiyo, hata hivyo, si sawa njia nzima. Kwa lenzi sahili ya milimita 200, gari likitoka mita 100 hadi mita 50, vioo huhitaji kusogea nusu milimita hivi, tena kwa muda wa karibu sekunde mbili. Likitoka mita 20 hadi mita 10, vioo huhitaji kusogea milimita mbili, na muda uliopo ni kama theluthi moja ya sekunde. Kasi inayotakiwa hapo ni takriban mara 25 ya ile ya awali. Lenzi za kisasa husogeza kioo kidogo cha ndani badala ya vioo vyote, lakini uwiano huo haubadiliki sana. Ndiyo sababu lenzi ya bei ndogo huweza kutoa picha safi gari likiwa mbali, kisha ikashindwa pale pale ambapo picha ilikuwa inaanza kupendeza.

Mota ndiyo roho ya lenzi

Kinachosogeza vioo hivyo ni mota, na hapo ndipo tofauti ya bei inapojificha. Lenzi nyingi za gharama nafuu hutumia mota ndogo ya kawaida yenye meno ya kuzungushana. Hulia, hutetemeka na huchelewa kusimama. Lenzi ya Canon EF 75-300 ni mfano unaofahamika: ni nyepesi, urefu wake unatosha kabisa, lakini toleo lake la kawaida lina mota ya aina hiyo na halikutengenezwa kwa kufukuza magari.

Mwaka 1987 Canon ilitoa lenzi ya milimita 300 f/2.8 yenye mota inayoendeshwa kwa mitetemo ya kasi isiyosikika na sikio, inayojulikana kwa herufi USM. Nikon ilifuata katika miaka ya 1990 kwa mota zake zenye alama ya AF-S. Mota hizo huanza na kusimama kwa wepesi mkubwa. Katika lenzi za kamera mpya zisizo na kioo cha kupindua, mota za mstari mnyoofu zimechukua nafasi. Lenzi ya Sony ya 70-200 f/2.8 iliyotoka mwaka 2021 ina nne.

Herufi hizo zisisomwe kwa pupa. Kuna USM ndogo ya bei nafuu isiyo na kasi ya ile kubwa, ingawa zote huandikwa USM ubavuni. Kwa upande mwingine, lenzi ya Canon EF 70-300 toleo la pili, iliyotoka mwaka 2016 ikiwa na mota iitwayo Nano USM, huwashangaza wengi kwa wepesi wake, ilhali bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya lenzi nyeupe zinazobebwa na wapigapicha wa mashirika ya habari.

Kitu kingine kidogo ambacho wauzaji hukisahau ni swichi iliyo ubavuni mwa lenzi nyingi za daraja la juu, inayoizuia kutafuta vitu vya karibu. Bila swichi hiyo, lenzi ikipoteza gari husafiri hadi mwisho wa karibu kisha kurudi, na safari hiyo hula sekunde nzima. Kwa anayepiga magari, swichi hiyo ina faida kuliko milimita 100 za ziada.

Je, f/2.8 ni lazima?

Uwazi mkubwa wa lenzi huingiza mwanga mwingi na kulainisha mandhari ya nyuma. Katika kamera za kioo, vilevile, alama za katikati za kulengea huwa sahihi zaidi lenzi inapokuwa na uwazi wa f/2.8. Lakini saa tano asubuhi karibu na Ikweta mwanga si tatizo: kwa f/5.6 na ISO 200, shata ya 1/1600 ya sekunde hupatikana bila taabu, nayo yatosha kuligandisha gari na mawe linayorusha. Uwazi mkubwa hudai haki yake alfajiri, chini ya miti, na siku ya mvua. Na tangu mashindano yahamishwe kutoka Juni hadi Machi mwaka 2024, mvua si jambo la kupuuzwa.

Mwenye fedha kidogo basi ana uhuru wa kuchagua. Lenzi ya f/4 au f/5.6 yenye mota nzuri itamfaa zaidi kuliko ya f/2.8 iliyozeeka yenye mota nzito. Asichopaswa kufanya ni kununua lenzi fupi kwa matumaini ya kuirefusha kwa kile kipande kinachofungwa kati ya lenzi na kamera. Kipande cha mara 1.4 hupunguza mwanga kwa nusu, cha mara mbili huupunguza hadi robo, na kulenga nako huwa kuzito.

Umbali na usalama

Urefu wa lenzi huamuliwa na mahali anaporuhusiwa mtu kusimama. Kwenye kamera yenye sensa kubwa, lenzi ya milimita 200 huonyesha upana wa mita saba hivi kwa umbali wa mita 40. Gari lenye urefu wa mita nne lililo ubavu hujaza zaidi ya nusu ya picha. Kwa umbali wa mita 80, milimita 400 huhitajika kupata picha ileile. Sensa ndogo ya kamera nyingi za bei ya wastani humpa mwenye lenzi ya 70-300 picha inayolingana na ya milimita 450, na kwa mtazamaji aliye nyuma ya utepe hiyo yatosha.

Hili si suala la urembo tu. Machi 1986, katika mashindano ya Ureno, gari lilipoteza mwelekeo na kuingia katikati ya umati uliosongamana ukingoni mwa barabara. Watu watatu walifariki dunia na zaidi ya 30 kujeruhiwa. Enzi hizo watazamaji walisogea hadi barabarani kwa ajili ya picha. Mwenye lenzi fupi bado hujaribiwa kufanya hivyo, hasa kwenye kona ya nje, ambako gari lililoshindwa kukata kona ndiko huelekea.

Lakini urefu nao una kikomo chake. Jua likipanda katika tambarare za Bonde la Ufa, hewa ya moto hucheza juu ya ardhi na picha ya gari lililo mbali hutoka kana kwamba imepigwa ndani ya maji. Hakuna lenzi inayotibu hali hiyo, hata ya milimita 400 f/2.8 ya Canon iliyozinduliwa mwaka 2021 kwa karibu dola 12,000. Kusogea mahali panaporuhusiwa karibu zaidi, au kurudi jua likishuka, ndiyo dawa.

Vumbi

Naivasha ina vumbi laini kama unga, ambalo madereva huliita fesh-fesh. Kamera nyingi huliona wingu hilo kama kitu cha kulengwa na kuliacha gari. Wazoefu huiamuru kamera isiharakishe kubadili shabaha, na hulenga taa za mbele au kioo cha dereva, penye mistari iliyo wazi. Kamera kama Canon EOS R3 na Nikon Z9, zote za mwaka 2021, hutambua umbo la gari zenyewe; hata hivyo zikifungwa lenzi yenye mota dhaifu hubaki kujua gari liliko bila kulifikia.

Vumbi ndilo pia linaloifanya lenzi ya kuvuta na kurudisha kuwa bora kuliko lenzi mbili za urefu mmoja, kwani kubadilisha lenzi kandokando ya mkondo ni kulikaribisha ndani ya sensa.

Kwa wanaonunua mitumba, tahadhari moja: lenzi za zamani za Nikon zenye alama ya AF-D hutegemea mota ya kamera. Kwenye kamera ndogo kama D40, au kwenye kamera za Z kupitia kiunganishi cha FTZ, hazijilengi kabisa. Na kabla ya kutoa fedha, mnunuzi aombe kutoka na lenzi hadi mlangoni mwa duka, aielekeze kwenye matatu inayokuja upande wake na kupiga mfululizo hadi imfikie. Kisha azikuze kwenye skrini zile picha tano za mwisho, moja baada ya nyingine, na kutazama kama namba ya gari inasomeka.