Kromosomu za Ukoka na Ufunikaji wa Marudio ya Dhahabu Geita
Marudio, yaani mchanga unaobaki baada ya wachimbaji wadogo wa Geita kuchenjua dhahabu kwa zebaki, yakikauka hupeperushwa na upepo kama matuta ya mchanga wa pwani. Ukoka (Cynodon dactylon) huweza kuzuia mchanga wa aina zote mbili kwa mashina yake yanayotambaa. Idadi yake ya msingi ya kromosomu ni 9. Zipo aina zenye kromosomu 18 na zenye 36. Zikichavushana, huzaa chotara wenye 27, ambazo hazipangiki jozi kwa jozi. Chotara hao huwa tasa. Kwa kuwa umbo la nje halitoshi kuwatofautisha, kuhesabu kromosomu katika ncha za mizizi hubainisha, kabla ya msimu wa mvua, iwapo eneo lipandwe mbegu au vipande vya mashina.