Moshi, miwani na kijiti chenye panda

Shangazi yangu, mama wa Kagoma, mkoani Kagera, aliyezeekea ndani ya kibanja chake cha migomba, aliacha kusoma Biblia bila kumwambia mtu. Jioni alikuwa akiifungua kama kawaida, anaiweka mapajani, anaitazama kidogo, kisha anaifunga. Wajukuu waliona wakanyamaza. Siku moja nilimpitia nikitoka Muleba kwenda Bukoba, nikamwomba anisomee zaburi. Akatikisa kichwa. "Kusoma kumenitoka, mwanangu. Uzee huu, waitu."

Kusoma hakukuwa kumemtoka. Kuanzia umri wa miaka arobaini hivi, lenzi iliyo ndani ya jicho huanza kuwa ngumu, na taratibu hushindwa kujirekebisha ili ione kilicho karibu. Mtu anasogeza kitabu mbali, anakisogeza tena, mpaka mkono unaisha urefu. Alipopimwa macho na kupewa miwani ya kusomea, shangazi alianza kufuata mistari kwa kidole, silabi kwa silabi, kama alivyofundishwa kwenye kisomo cha watu wazima miaka ya 1970. Baada ya ukurasa mmoja kidole kilikuwa kimeongeza mwendo. Alikuwa amepoteza miaka minne ya kusoma kwa sababu ya vioo viwili, na sisi ndugu zake tulikuwa tumekwisha kuamua kwamba akili yake imechoka.

Naanza na habari hiyo kwa sababu kosa letu ni kosa la nyumba nyingi. Kila kinachompungua mzee tunakiweka kwenye kapu moja liitwalo uzee, tunalifunika, tunaendelea na shughuli. Ndani ya kapu hilo yamo mambo yasiyozuilika, lakini yamo pia mengi yanayozuilika, na baadhi yanatokana na maamuzi tunayoyafanya kila siku jikoni, shambani na barazani.

Kusahau kwenyewe kuna namna mbili. Mzee anayetafuta panga lake asubuhi nzima, kisha akalikuta limechomekwa kwenye mgomba pale alipoliacha jana, hana ugonjwa. Anayepotea kwenye njia ya kisimani aliyoipita miaka hamsini, anayeuliza swali lile lile mara sita kabla matoke hayajaiva, au anayemtazama binti yake wa kumzaa na kumuuliza ni mtoto wa nani, huyo anahitaji kupelekwa hospitali. Hali hiyo wataalamu huiita demensia. Ni jina la mkusanyiko wa dalili zinazotokana na magonjwa mbalimbali yanayoharibu seli za ubongo. Ugonjwa wa Alzheimer ndio unaoongoza, na nyuma yake kuna uharibifu wa mishipa midogo ya damu kichwani.

Kuna waliodhani kwamba haya ni maradhi ya Wazungu. Utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, mwaka 2009 na 2010 ulionyesha vingine. Watafiti walipita vijijini wakawapima wazee wa miaka 70 na kuendelea, na wakakadiria kwamba asilimia 6.4 walikuwa na demensia. Karibu wote hawakuwa wamewahi kuambiwa na mganga yeyote kwamba wana ugonjwa.

Huko Hai ndiko pia kulikotoka kipimo ninachokipenda kwa busara yake. Vipimo vingi vya kumbukumbu duniani humtaka mtu ashike kalamu achore umbo. Bibi ambaye hajawahi kushika kalamu hushindwa, akaandikiwa ugonjwa asio nao. Basi watafiti wakachukua njiti nne za kiberiti, wakazipanga mezani, wakamwomba mzee azipange zake vivyo hivyo. Kiberiti kila jiko linacho. Wakamuuliza pia kiongozi wa kijiji ni nani, daraja ni kitu gani, na kwa dakika moja ataje wanyama wengi kadiri awezavyo. Baada ya muda wakamtaka arudie maneno aliyosomewa mwanzoni. Maswali kama hayo mhudumu wa zahanati anaweza kuyauliza kwa Kiswahili, au kwa Kihaya, bila mashine yoyote.

Mwaka 2024 kamisheni ya wataalamu iliyoundwa na jarida la kitabibu la The Lancet ilitaja mambo 14 ambayo, yakidhibitiwa katika maisha yote ya binadamu, karibu asilimia 45 ya demensia duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Yamo elimu ndogo utotoni, shinikizo la damu, kisukari, lehemu mbaya, unene uliopitiliza, sigara, pombe nyingi, kutoufanyisha mwili kazi, majeraha ya kichwa, sonona, upweke, hewa chafu, masikio yasiyosikia vizuri na macho yasiyotibiwa. Sehemu kubwa ya ushahidi ilikusanywa katika nchi tajiri, kwa hiyo asilimia hiyo tusiibebe kama ilivyo hadi Kagoma. Orodha yenyewe, hata hivyo, ukiisoma ukiwa umekaa nyuma ya nyumba ya Mhaya, utaona mambo yake yanakutazama.

Moshi kwanza. Jiko la mafiga matatu, chumba chenye dirisha dogo, kuni zisizokauka kwa sababu ya mvua zetu ambazo haziachi ardhi ipumzike. Kwenye sufuria kuna matoke na maharage vinavyopikwa pamoja, vimefunikwa majani ya mgomba. Maharage ndiyo yanayochukua muda, na kila saa moto unapowaka, mama anavuta. Hatari kubwa ya moshi huo ni vumbi jembamba lisiloonekana, lenye upana usiozidi mikromita 2.5; unywele mmoja wa kichwani ni mnene kulishinda karibu mara thelathini. Vumbi hilo hupita puani, hushuka hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, na sehemu yake huingia kwenye damu. Huko husababisha uvimbe ndani ya mishipa, ya moyo na ya ubongo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Kuhusu ubongo, ushahidi ulio imara zaidi unatoka kwenye hewa ya mijini, lakini tafiti za moshi wa jikoni nazo zinaelekea huko huko.

Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, ukilenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Ni lengo jema na nalitakia heri. Lakini bibi wa Kagoma anapika leo jioni, na mtungi wa gesi ukiisha anarudi kwenye kuni. Kwa hiyo nasema yaliyo mikononi mwake. Aloweke maharage tangu usiku, yataiva mapema na moto utawaka muda mfupi. Kuni zikatwe ndogo na zianikwe juu ya uchaga kabla ya masika. Ukuta utobolewe juu, karibu na paa, moshi upate pa kutokea. Siku isiyo na mvua, mafiga yahamie nje. Na mwanamume wa nyumba, ambaye kwa kawaida hukaa sebuleni akisubiri chakula, aingie jikoni hata dakika kumi. Ukuta utatobolewa siku hiyo hiyo.

Tena kuna jambo la aibu tusilopaswa kulifumbia macho. Moshi wa miaka mingi hufanya macho yawe mekundu, na katika Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi kwa sababu ya macho hayo. Mwanamke huyo huyo akianza kupotea njia usiku au kuongea peke yake kwa sababu ya demensia, hatari inakuwa maradufu. Elimu ya ugonjwa huu kwa vijana wa kijiji inaweza kuokoa roho ya mtu.

Shinikizo la damu nitalisema kwa ufupi, si kwa kuwa ni dogo. Haliumi, na ndiyo maana linaua. Hai tena: wazee takriban saba kati ya kumi walikuwa nalo, wengi bila kujua. Mkanda wa kupimia upo kwenye zahanati na kipimo ni cha dakika chache. Ukiona 140 kwa 90 au zaidi, na ikarudia siku nyingine, dawa ni za kila siku. Hazinywewi mpaka mtu ajisikie nafuu kisha zikaachwa. Chumvi ipunguzwe, na pombe yetu ya ndizi, rubisi, vilevile. Na kwa majeraha ya kichwa, kijana wa bodaboda kwenye barabara ya Kagoma kwenda Lusahunga avae kofia ngumu, kwa kuwa ubongo wa uzeeni ni huu huu anaoubeba sasa.

Nikae sasa kwenye kujifunza, maana hapa Kagera tuna historia ambayo hatuisimulii vya kutosha. Mwaka 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania hawakujua kusoma. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kabla ya hapo, kuanzia 1968, mradi wa majaribio ulioungwa mkono na UNESCO, wenye makao Mwanza, ulikuwa umekwisha kuanza kufundisha kusoma kupitia kazi katika mikoa ya ziwa, ukiwemo wetu ulioitwa Ziwa Magharibi wakati huo. Watu walijifunza herufi kupitia kilimo chao, migomba ikiwemo. Kufikia 1986 wasiojua kusoma walikadiriwa kuwa karibu mmoja kati ya kumi. Mabibi wengi walio na miaka sabini na themanini leo ni wanafunzi wa madarasa yale, waliokwenda kisomo jioni wakiwa na mtoto mgongoni.

Kujifunza kunaufanyia nini ubongo? Seli za ubongo huwasiliana kupitia viungio, na kila jambo jipya likirudiwarudiwa huimarisha viungio hivyo na kufungua njia za pembeni. Ugonjwa ukiharibu njia moja, mwenye njia nyingi hupita kwingine. Wanasayansi huiita akiba ya ubongo. Nchini Marekani, masista 678 wa shirika moja la kitawa walikubali kufuatiliwa hadi kufa na bongo zao kuchunguzwa baada ya kifo, kazi iliyoanzishwa na David Snowdon mwaka 1986. Baadhi yao walikutwa na ubongo uliojaa alama za Alzheimer, ilhali walikuwa wamefundisha, kusali na kukumbuka majina ya watu mpaka mwisho.

Na akiba hiyo haifungwi mtu anapofikisha miaka sitini. Ushahidi wangu uko shambani. Mnyauko wa migomba unaosababishwa na bakteria uliripotiwa Uganda mwaka 2001, na mwaka 2006 ukaingia Tanzania, ukionekana kwanza hapa hapa Muleba. Majani yaligeuka njano na kulegea kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto, ndizi zikaiva kabla ya wakati na ndani zikawa kahawia. Kibanja alichokiacha babu kikafa mbele ya macho. Wazee waliokuwa wamelima kwa namna moja tangu utoto ikawabidi wajifunze upya.

Nimemtazama shangazi akifanya. Mkungu ukishatoa chane ya mwisho, huchukua mti mrefu wenye panda, hulishika ua dume lililoning'inia chini ya mkungu, huzungusha mara moja, tap, linaanguka. Hatumii panga. Bakteria husafirishwa na nyuki na wadudu wengine wanaotua kwenye ua hilo, na husafirishwa pia na panga lenye utomvu wa mgomba mgonjwa. Panga lake hulipitisha motoni kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Maruku na maofisa ugani walilifundisha hili kwa miaka, na waliolishika hawakuwa vijana wenye diploma tu. Mtu aliyeweza, na mvi zake, kuelewa kwamba kitu asichokiona kinapanda kwenye makali ya chuma, nani atamwambia hawezi kujifunza kutuma pesa kwa simu, au kujipima shinikizo la damu nyumbani?

Tena kibanja kinampa mengine: anainama, anatandaza nyasi, anatembea. Watoto wanaomwambia mzazi wao "pumzika sasa, kaa hapo" wanampenda, lakini wampunguzie magunia na wamwachie maamuzi. Mgomba upi ukatwe, upi uachwe, ndizi zipi ziende sokoni: kazi ya kichwa isichukuliwe.

Upweke ndio unaoniumiza zaidi. Mkoani kwetu ndiko visa vya kwanza vya UKIMWI Tanzania vilikotambuliwa mwaka 1983, na kizazi kizima cha katikati kiliondoka, bibi akabaki na wajukuu. Nshamba, si mbali na hapa, lilianzishwa mwaka 2003 shirika la KwaWazee lililowapa wazee kama hao pensheni ndogo ya kila mwezi na kuwaunganisha katika vikundi. Fedha ilinunua chumvi na sabuni, na kikundi kilimpa mzee sababu ya kuoga, kuvaa na kutoka. Hai nako watafiti walijaribu tiba ya kuchangamsha akili kwa mazungumzo kwa wenye demensia: vikundi vidogo, vikao 14 katika wiki saba, wakizungumzia chakula, nyimbo na mambo ya zamani. Kumbukumbu zao zilipata nafuu. Hapa kwetu, kwa mazungumzo kama hayo, kuna buni za kutafuna tunazomtolea mgeni. Kinachopungua ni wageni. Na mzee asiyesikia vizuri hata wageni wakija hubaki peke yake katikati yao. Masikio yakaguliwe, mara nyingine ni nta tu iliyoziba.

Yeyote aliyeona mabadiliko kwa mzazi wake asingoje. Baadhi ya vyanzo vya kuchanganyikiwa hutibika: maambukizi, sonona, upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa, hata dawa zinazogongana. Nenda na mzee zahanati, beba dawa zake zote kwenye mfuko, useme hali ilianza lini.

Mara ya mwisho nilipofika, shangazi alikuwa ametoka kliniki. Alivaa miwani, akanikunjulia bahasha ndogo ya dawa ya shinikizo la damu, na kabla sijauliza akaisoma mwenyewe kwa sauti, kidole kikifuata: kidonge kimoja, mara moja kwa siku, asubuhi.