Ukuta Ndio Unaobeba Runinga

Kyumbi ni pale barabara ya Machakos inapochomoka kutoka barabara kuu ya Nairobi–Mombasa, kilomita 50 hivi kutoka jijini. Zamani wengi walipajua kwa njia panda na malori tu. Siku hizi uwanda wa pembeni umekatwa ploti, nyumba zinaota huku na huko, na sebuleni kitu cha kwanza kutafutiwa mahali pake ni runinga: ya inchi 55, 65, hata 75. Mwenye nyumba akishainunua huenda dukani, akataja inchi, akapewa braketi, kisha akamwita fundi mwenye drili. Swali lililostahili kutangulia yote hayo mara nyingi haliulizwi kabisa: ukuta huu umejengwa kwa kitu gani?

Inchi zilizoandikwa kwenye boksi hazijibu swali hilo. Boksi likisema braketi inafaa runinga za inchi 32 hadi 70, limeeleza urefu wa vyuma vyake, basi. Kinachohusu usalama ni kilo, na uzito haupandi sambamba na inchi. Runinga ya plasma ya inchi 50 ya mwaka 2008 iliweza kufikisha kilo 35 au zaidi. Ya LED ya inchi 55 inayouzwa leo mara nyingi haifiki 20, na ya inchi 75 huwa kati ya 30 na 40. Anayetaka uhakika asome uzito huo kwenye kijitabu cha runinga, ule wa bila miguu, halafu atafute braketi iliyoandikiwa kilo nyingi zaidi, tuseme mara mbili. Braketi zilizopita kipimo cha UL, shirika la Marekani linalokagua usalama wa bidhaa, hujaribiwa kwa kubebeshwa mara 4 ya uzito ulioandikwa. Braketi isiyo na jina la mtengenezaji wala idadi ya kilo irudishwe rafuni, hata kama bei yake inavutia.

Sasa ukuta wenyewe. Ukambani, kama ilivyo katika miji mingi inayoizunguka Nairobi, nyumba za kudumu hujengwa sana kwa mawe yanayokatwa kwa mashine machimboni. Mengi ya mawe hayo ni majivu ya volkano yaliyoshikamana na kugeuka mwamba, na ugumu wake hutofautiana kutoka chimbo hadi chimbo. Lipo linalouma biti ya drili mpaka inawaka moto, na lipo linalotobolewa kama sabuni. Kwenye jiwe laini, fundi akiacha drili igonge huku ikizunguka, tundu hupanuka, na plagi ya milimita 10, kile kijiti kinachoshika skrubu ukutani, huingia ikacheza. Dawa ni kuzima mapigo hayo ya nyundo, kutoboa taratibu, na kupuliza vumbi lote kabla ya plagi kuingizwa. Vumbi likibaki ndani, plagi hushika vumbi badala ya jiwe.

Plasta nayo hudanganya. Inaonekana imara, lakini unene wake ni milimita 15 au 20 tu na haipaswi kuhesabiwa kuwa inabeba chochote. Skrubu ya milimita 50 ikishapita kwenye bati la braketi na kwenye plasta, sehemu inayobaki ndani ya jiwe ni fupi mno kwa runinga ya inchi 65. Kwa mzigo wa namna hiyo, skrubu nene za milimita 80 na plagi zinazolingana nazo ni chaguo la busara zaidi. Pia tundu lisiangukie kwenye maungio ya mawe. Maungio ya wima hasa, waashi wengi huyajaza nusunusu, na plasta ikishapigwa hakuna anayeona pengo lililobaki.

Matofali ya kuchoma yana tabia yake: yaliyokaa pembeni mwa tanuri hayakuiva sawasawa na ya katikati, kwa hiyo ukuta mmoja unaweza kuwa na tofali gumu na jirani yake likawa la kumomonyoka. Bloku zenye uwazi ndani ndizo zinazotega zaidi. Skrubu hupenya ganda la saruji kisha hujikuta hewani. Hapo inahitajika gundi maalumu ya kemikali inayoshindiliwa ndani ya soksi ya wavu, ikauke na kushika ganda kutoka upande wa ndani.

Wapo wanaofikiri bolti kubwa ya chuma inayotanuka ni jibu la kila ukuta. Sivyo. Bolti hizo zimekusudiwa zege na mawe magumu. Kwenye jiwe laini, au karibu na ukingo wa tofali, ule mkazo wa kutanuka unaweza kulipasua. Plagi ndefu ya nailoni huko hufanya kazi nzuri kuliko chuma. Asili ya plagi yenyewe ni kazi ya ustadi ukutani: mwaka 1911 mkandarasi Mwingereza John Joseph Rawlings alihitaji kufunga vifaa vya umeme katika jumba la makumbusho la British Museum, London, bila kuharibu kuta. Akabuni kijiti cha nyuzi za juti zilizogandishwa kwa gundi, na jina la kampuni yake, Rawlplug, bado liko vinywani mwa mafundi wa Kenya.

Baada ya ukuta, ndipo aina ya braketi ichaguliwe, na hapa hesabu kidogo inafaa. Tuchukue runinga ya kilo 25. Ikiwa braketi ni bapa na runinga imesimama sentimita 6 kutoka ukutani, huku safu ya juu na ya chini ya skrubu zikiachana kwa sentimita 20, zile za juu zinavutwa kutoka ukutani kwa nguvu ya kilo 7.5 hivi. Runinga hiyohiyo ikiwekwa kwenye braketi ya mkono, mkono ukanyoshwa sentimita 50, mvuto huo unapanda hadi kilo 62.5, kabla hata ya kuhesabu uzito wa mkono wenyewe. Mtoto wa kilo 20 akining'inia kwenye runinga, mvuto unapita kilo 110. Ukuta wa jiwe laini unaweza kuvumilia hali ya kwanza miaka mingi na kushindwa na ya pili siku moja. Kwa sebule ambayo makochi yote yanaelekea upande mmoja, mkono hauna kazi: braketi bapa, au ile inayoinamisha runinga kidogo, inatosha.

Nyuma ya runinga kuna matundu 4 yanayofuata vipimo vya VESA, jumuiya ya watengenezaji wa vifaa vya kuonyeshea picha iliyoanzishwa mwaka 1989. Ukiona 400 kwa 300, maana yake matundu yameachana milimita 400 kwa upana na 300 kwa kimo. Yapimwe kabla ya kwenda dukani. Skrubu zake huwa M6 au M8: fupi mno zinashika kwa nyuzi chache, ndefu mno zinaweza kugusa vilivyomo ndani na kuharibu runinga nzima.

Mtindo wa mapambo nao umeleta hatari mpya. Ukuta wa runinga hufunikwa kwa jipsamu au mbao zenye mifereji, taa zikapachikwa kingoni, kisha braketi ikafungwa kwenye pambo hilo. Ubao wa jipsamu wa milimita 12 haukuundwa kubeba kilo 30. Mahali pa braketi pawekewe mbao nene au fremu ya chuma iliyofungwa kwenye ukuta halisi kabla pambo halijafunika. Kazi hiyo ni rahisi ukuta ukiwa wazi, na ni ghali sana baadaye.

Umeme pia. Nyaya nyingi hupita kwenye mabomba yaliyochimbiwa ukutani, yakipanda au kushuka wima kutoka kwenye swichi na soketi. Kutoboa juu au chini ya soketi moja kwa moja ni kuutafuta umeme wa volti 240.

Yote haya yasimfanye mtu aiache runinga imesimama kabatini. Runinga na makabati yanayoangukia watoto ni tatizo lililoifanya tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani kuanzisha kampeni mwaka 2015 ya kuwahimiza wazazi kuvifunga ukutani. Ikifungwa vizuri, runinga iko salama zaidi ukutani. Katikati yake ikae usawa wa macho ya aliyeketi, mita 1 na kitu kutoka sakafuni. Pimamaji itumike kabla ya kutoboa tundu la pili, na watu 2 waiinue. Wiki chache baadaye fundi arudi kukaza skrubu na kukagua plasta: ufa mpya unaoanzia kwenye tundu la juu ni sababu ya kuiteremsha runinga siku hiyohiyo.