Je, Wajua? Safari ya Ujumbe Kutoka Amani

Je, wajua kuwa Wi-Fi si intaneti? Wi-Fi ni mawimbi ya redio kati ya simu yako na rauta, basi. Unaweza kukaa hapa Amani, milimani Usambara Mashariki, alama ya Wi-Fi imejaa, na usifungue hata ukurasa mmoja, kwa sababu rauta yenyewe haipati intaneti kutoka inakoitoa.

Kompyuta mbili za ofisi moja zikiunganishwa kwa nyaya kupitia swichi, huo tayari ni mtandao. Huitwa LAN. Zitatumiana mafaili na kuchapisha kutwa nzima bila bando.

Ile E inayotokea juu ya kioo cha simu ni EDGE, teknolojia ya kizazi cha pili: ujumbe hupita, video hukwama. Mlima ukisimama kati yako na mnara wa simu, mawimbi hudhoofika. Msitu uliolowa mvua, kama wa Usambara Mashariki, huyapunguza zaidi. Tafuta mahali pa wazi.

Je, wajua kuwa picha unayotuma haiendi nzima? Hukatwa vipande viitwavyo pakiti. Kila kimoja hubeba anwani ya kiendako, huweza kupita njia yake, kisha vyote huungwa upya kwa mpokeaji. Waliobuni utaratibu huo miaka ya 1960 ni Paul Baran wa Marekani na Donald Davies wa Uingereza, kila mmoja kwa upande wake.

Mnara si mwisho wa safari. Nyuma yake kuna nyaya za fiba, kama zile za Mkongo wa Taifa unaosimamiwa na shirika la simu la TTCL, ambamo mwanga hukimbia ndani ya kioo takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Dar es Salaam ndiko iliko mikongo ya baharini: SEACOM ilianza kazi 2009, EASSy 2010. Kwenye kilindi, mkongo wa namna hiyo ni mwembamba kama mpira wa kumwagilia bustani. Wala pwani hii si ngeni kwa mambo hayo: waya wa telegrafu kutoka Aden ulifika Zanzibar mwaka 1879, miaka 23 kabla Wajerumani hawajaanzisha taasisi yao ya utafiti hapa Amani.

Je, wajua kwa nini tarehe 12 Mei 2024 WhatsApp ilisumbua nchini, ilhali simu za kawaida za ndani zilipatikana? EASSy na SEACOM zilikatika siku hiyo, huko kusini. Simu ya kawaida kutoka kwa mtu wa Amani kwenda kwa mwenzake wa Muheza huishia ndani ya nchi. Ujumbe wa WhatsApp kati ya watu hao hao hupitia seva, yaani kompyuta inayohudumia nyingine, iliyo ng'ambo. Jirani yako anaweza kuwa kilomita chache tu, ujumbe wako ukavuka bahari mara mbili kumfikia.

Zamani hali ilikuwa nzito zaidi. Barua pepe kati ya wateja wa kampuni mbili za Kitanzania iliweza kupanda setilaiti, karibu kilomita 36,000 juu, ikashukia nchi za nje, ikarudi. Mwaka 2004 ilianzishwa TIX, kituo cha Dar es Salaam ambapo kampuni hukutanisha mitandao yao na kubadilishana pakiti hapa hapa. Kwangu mimi, hicho ni miongoni mwa vitu vya maana zaidi tulivyojijengea katika mawasiliano.

Anwani ambazo pakiti hubeba huitwa anwani za IP. Zile za mtindo wa zamani hazifiki bilioni 4.3, chini ya idadi ya watu duniani. Kwa Afrika mgawaji ni AFRINIC, yenye makao Mauritius.

Angalia herufi unaponunua kasi: b ndogo ni biti, B kubwa ni baiti, hivyo Mbps 8 ni sawa na MB 1 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, faili la MB 100 litachukua sekunde 100.

Je, wajua ping? Programu hii ndogo iliandikwa na Mike Muuss mwaka 1983. Hutuma pakiti na kupima muda wa jibu kurudi. Ipigie kwanza rauta yako, mara nyingi 192.168.1.1. Isipojibu, anza kukagua hapo nyumbani. Ikijibu, pigia 8.8.8.8, seva ya Google. Hiyo nayo ikijibu lakini tovuti hazifunguki kwa majina, kagua DNS, huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya IP.