Sura ya Sita: Maji ya Kuku na Utelezi wa Chomboni

Wafugaji huniuliza habari za chakula, chanjo na soko. Maji hayaulizwi. Yanachukuliwa kuwa ni kazi ya ndoo na bomba: ukishamimina, umemaliza. Kisha kuku wakianza kukoroma na kuhara, mtu huyo huyo hukimbilia duka la dawa za mifugo kununua unga wa kuchanganya kwenye maji aliyoyapuuza tangu mwanzo. Nimeipanga sura hii katika mafungu matatu: kiasi cha maji, chombo, na vitu ambavyo watu hutia ndani ya maji. Nizungumzie hapa kuku kumi, ishirini, hamsini wa uani, si mashamba makubwa yenye mitambo yake.

Tuanze na kiasi, na uzushi unaokwenda nacho. Husemwa kwamba kuku hakojoi, kwa hiyo maji si shida yake. Kuku anakojoa. Ule weupe unaouona juu ya kinyesi ndio mkojo. Figo zake hutoa taka za protini zikiwa asidi ya yuriki, ambayo huhitaji maji kidogo kutoka mwilini na hupitia tundu lile lile la kinyesi. Kidogo si sifuri. Kifaranga akikaa na kiu muda mrefu, tuseme ndani ya boksi la kusafirishia kutoka kwa mtotoleshaji, asidi ile hukwama na kutuama juu ya figo, ini na moyo. Ukimpasua utadhani viungo vyake vimepakwa chokaa. Mwenye vifaranga atasema wamekufa kwa "ugonjwa wa safari". Ni kiu.

Kuku mzima, hali ya hewa ikiwa ya wastani, hunywa maji yenye uzito wa kama mara mbili ya chakula anachokula. Kuku wa mayai anayekula gramu 120 kwa siku anataka takriban robo lita. Hiyo ni siku ya wastani. Februari ya Dar es Salaam au Mombasa si siku ya wastani, na mahitaji yanaweza kufika nusu lita, kwa sababu kuku hana tezi za jasho. Anapoa kwa kuhema mdomo wazi, na kila pumzi inaondoka na maji. Ongeza na yai, ambalo kwa sehemu ya robo tatu ni maji. Kuku aliyekaa na kiu tangu saa nne asubuhi hadi jioni hatakufa, ila utagaji utashuka siku zinazofuata, na mwenye kuku atalaumu chakula cha dukani.

Wa kienyeji je? Huwa naambiwa kwamba "anajitafutia". Ni kweli, anajitafutia: kwenye mtaro, kwenye maji yaliyooshewa vyombo, kwenye dimbwi la nyuma ya bafu. Hoja haikuwa kama anakunywa. Hoja ni anakunywa nini.

Na usiweke maji juani. Kuku huyakwepa maji yaliyopata moto, hasa saa nane mchana ambapo ndipo anayahitaji zaidi. Kivuli ni bure. Fungu la kwanza limeishia hapo.

Sasa chombo. Kaa karibu umtazame kuku anavyokunywa, maana mengi ya sura hii yamo humo. Hawezi kufyonza akiwa ameinamisha kichwa kama ng'ombe. Huchovya mdomo, hubeba maji kidogo, huinua kichwa juu, na maji huteremka kooni kwa uzito wake. Kisha huchovya tena. Kila anapochovya huacha kitu: pumba, mchanga wa alipokuwa akichakura, kamasi kama ana mafua. Ndiyo maana mafua ya kuku, yale ya uso kuvimba na harufu mbaya puani, huenea banda zima kwa njia ya chombo kimoja cha maji. Mchango wa kisima katika hilo ni mdogo. Maji yalitoka kisimani safi au nusu safi, yakachafuka ndani ya saa moja mbele ya macho yako.

Nilikusudia kupitia aina za vyombo moja baada ya nyingine, sufuria kuukuu, dumu lililokatwa, kopo la kupindua juu ya sahani, na vile vichuchu vinavyofungwa kwenye bomba. Lakini siwezi kuendelea kabla ya kusema habari za utelezi, na yeyote aliyewahi kunisikiliza anajua kwamba nikifika hapo sibanduki upesi.

Mwaga maji ya chombo chako leo, usikioshe, upitishe kidole kwa ndani. Kinateleza? Hapo hupapasi maji, wala si uchafu wa kawaida. Ni bakteria waliojishikiza kwenye plastiki, wakatoa ute wa sukari na protini, wakajifunika nao. Wakishajifunika, wengine hujiunga nao: wale wa kuharisha, salmonela, na wengine wasio na madhara wanaowapa wenzao hifadhi. Vipande hubanduka kidogo kidogo na kuingia kwenye maji mapya. Unaweza kumimina maji yaliyochemshwa ndani ya chombo kile, na baada ya muda mfupi kuku wanakunywa yale yale ya jana.

Mama mmoja wa Mbagala aliniita kwa sababu vifaranga wake walikuwa wakiharisha kila akileta kundi jipya. Nilipofika alikuwa amejiandaa kujitetea. "Shikamoo daktari. Usiniambie maji, maana maji nabadilisha asubuhi na jioni, na dawa ya klorini natia. Mwulize hata huyu kijana." Sikuwa na sababu ya kumbishia. Kopo lake la lita nne lilikuwa linang'aa. Nikalifungua kutoka kwenye sahani yake, nikamwonyesha ile mizunguko ya kufungia, pale kopo linaposhikana na sahani. Ndani ya kila mzunguko mlikuwa na ute wa rangi ya kijani na kahawia, mnene kiasi cha kukwanguka kwa ukucha. Kopo lilikuwa jepesi, linapitisha mwanga, na lilikaa karibu na dirisha, kwa hiyo mwani ulikuwa umeota pia. Kwenye rafu kulikuwa na pakiti ya glukosi na ya multivitamini, ambazo alikuwa akiwapa vifaranga kila siku "wapate nguvu". Nguvu walikuwa wakipata wale wa kwenye mizunguko. Hakuna kitu kinachonenepesha utelezi upesi kama sukari na vitamini zinazolala chomboni usiku kucha.

"Na klorini je?" akauliza. Klorini hupambana na kila kitu kinachooza inachokutana nacho, sio vijidudu tu. Ikikuta pumba, kinyesi na ute, huishia hapo hapo juu juu, na walio chini hawaguswi. Kwa hiyo utaratibu ni huu, na haubadilishwi: kwanza kusugua, kisha dawa. Maji ya sabuni, brashi, na mswaki wa zamani kwa ajili ya mizunguko na kona. Kitambaa hakifai, kinapaka tu utelezi upande wa pili. Suuza. Kisha chukua Jik isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 3.5 (soma lebo, maana zinatofautiana), vijiko viwili vya chakula kwa lita moja ya maji, loweka chombo kwa robo saa, suuza tena, anika juani kikauke kabisa. Kukauka ni nusu ya kazi. Ndiyo maana nawahimiza watu wawe na vyombo viwili: kimoja bandani, kingine kinakauka. Kusugua ni kila siku. Kuloweka, mara moja kwa wiki inatosha kama hakuna ugonjwa. Chombo cha plastiki kilichochakaa na kujaa mikwaruzo kitupe au kipandie maua, kwani kila mkwaruzo ni makazi.

Aina za vyombo, basi, kwa kifupi. Sufuria wazi ni mbaya kuliko zote kwa sababu kuku huingia na miguu. Kopo la kupindua ni zuri likiinuliwa juu ya tofali, ukingo wake ukalingana na mgongo wa kuku, ili maranda yasirushwe ndani. Kwa vifaranga wa wiki ya kwanza sahani iwe ya kina kifupi, na kokoto safi ndani wasizame. Vichuchu ndivyo safi kuliko vyote kwa upande wa kuku, lakini bomba lake nalo huota utelezi usioonekana, na watu hulisahau miaka. Popote maji yanapomwagika na kulowesha maranda, unafuga koksidia: mayai ya vimelea hivyo yakipata unyevu na joto hukomaa kwa siku moja au mbili tu, tayari kuambukiza. Na hapa klorini haisaidii kitu, kwani mayai yale hayafi kwa klorini. Dawa yake ya kwanza ni sakafu kavu.

Fungu la tatu lingekuwa fupi kama watu wangeacha maji yawe maji.

Pilipili. Hutiwa kwenye maji eti kuku "achangamke" na mafua yaungue. Kuku hausikii ukali wa pilipili. Kipokezi cha ukali huo kilichoko kwenye ulimi wako, kwake kimeumbwa tofauti na hakiitikii. Pilipili mwitu huenezwa na ndege kwa sababu hiyo hiyo, wanazila bila taabu na kuangusha mbegu mbali. Mshubiri: maji huwa machungu, kuku wengine hupunguza kunywa, na kideri hakiponi. Kideri, au mdondo, ni virusi, na hakuna dawa ya kukitibu kuku akishaugua, iwe ya bustanini au ya dukani. Waliopona baada ya kunyweshwa mshubiri wangepona hata hivyo, na waliokufa hawahesabiwi.

Siki ya tufaha ndiyo fasheni ya sasa, hasa kwa wafugaji wanaojifunzia kwenye simu. Inasemwa inaua minyoo. Haiui. Kuyafanya maji kuwa na uchachu kidogo kunaweza kupunguza baadhi ya bakteria, sikatai, lakini siki juu ya utelezi ni kazi bure, na siki ndani ya chombo cha bati lililopakwa zinki huyeyusha zinki hiyo na kumlisha kuku sumu. Zaidi ya yote, usichanganye siki na Jik. Hutoka gesi ya klorini, inayounguza mapafu ya mfugaji na ya kuku.

Oksitetrasaiklini, "OTC" ya kila mtu, ndiyo inayonikera kuliko zote kwa kuwa ni dawa halisi inayotumiwa kama kiungo. Hutiwa kwa mazoea, kuku wakiwa wazima, na mayai yanauzwa siku hiyo hiyo yakiwa na mabaki. Kwenye maji magumu ya kisima, kalsiamu huikamata sehemu ya dawa kabla haijafyonzwa, kwa hiyo kuku anapata dozi pungufu, ya kuwafundisha bakteria usugu. Tena kuna wanaotibu koksidia kwa amproliamu na, kwa huruma, wakachanganya multivitamini humo humo. Amproliamu hufanya kazi kwa kujifanya vitamini B1 mbele ya vimelea. Ukiwapa na B1 yenyewe kwa wingi, umeitegua dawa kwa mkono wako. Vitamini zisubiri matibabu yaishe.

Kinachostahili kutiwa ni klorini, pale tu maji yanapotoka kisima kifupi, mtoni au kwenye tangi lisiloaminika. Yakiwa na tope, yatulize kwanza na umimine ya juu. Jik ile ya asilimia 3.5, mililita 2 kwa ndoo ya lita 20, hupimwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, yakae nusu saa ndipo uwape. Inatoka kama miligramu 3.5 kwa lita, kiasi ambacho kuku hunywa bila kusita. Usikisie kwa kifuniko.

Kuna siku moja klorini ni adui, siku ya chanjo. Chanjo ya I-2 ya kideri, iliyotokana na kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, inastahimili joto kuliko zile za zamani, lakini ni virusi hai, na klorini huviua. Kwa kuku kumi nakushauri tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu au minne, maana hapo unajua nani kapata. Ukiamua kutumia maji, au ukiwa na chanjo ya Gumboro inayotolewa kwa maji, acha klorini siku mbili kabla. Chombo kioshwe bila sabuni wala dawa. Maji yawe ya mvua au ya kisima, na kama ni ya bomba yalale wazi usiku mzima, kisha utie gramu 2 za unga wa maziwa yasiyo na mafuta kwa lita, usubiri nusu saa ndipo uchanganye chanjo. Kuku wawe wamenyimwa maji saa moja hivi, na vyombo vitoshe wote wanywe kwa pamoja. Yanayobaki baada ya saa mbili yamwagwe shimoni. Virusi vya chanjo vilivyomo vitakuwa vimekufa vingi, na kuku atakayeyanywa jioni utamhesabu miongoni mwa waliochanjwa, kumbe hamna kitu.