Mtambo wa umeme wa makumbi Pemba: uwe mkubwa kiasi gani?

Juzi maskani pale Chake umeme umekatika, jamaa kaleta hoja. Kwani lazima tutegemee waya wa baharini kutoka Tanga (tumeungwa tangu 2010, kabla yake ilikuwa majenereta ya dizeli), na makumbi ya nazi yamezagaa kila shamba? Tujenge mtambo wetu wa megawati 5, tuchome makumbi, basi! Watu wakapiga makofi. Mie nikaomba kalamu.

Tuanze na megawati 1 tu. Mtambo mdogo wa mvuke unakula kilo moja na robo hivi ya kuni kavu kutoa uniti moja. Kwa saa 24 ni uniti 24,000, yaani tani 30 za kuni. Megawati 5 ni tani 150 kila siku, sikukuu na mvua! Na makumbi ni mepesi, yanajaza fuso kabla hayajafika uzito. Unalipia dizeli kubeba hewa.

Sasa hapa ndipo penye mchezo. Mtambo mkubwa kweli una nafuu: ukiuzidisha mara mbili gharama ya kujenga haifiki mara mbili, na wafanyakazi ni karibu wale wale. Lakini kuni zinatoka mbali zaidi. Penye ardhi pande zote, mtambo ukiwa mara nne, masafa ya kubeba yanakuwa mara mbili. Sisi kisiwa kina upana wa kilomita 23 hivi. Ukitoka Chake kidogo tu ni bahari, mashariki na magharibi. Iliyobaki ni kupanda Micheweni au kushuka Mkoani. Kwetu mzigo ukiwa mara mbili tu, na masafa nayo yanakaribia mara mbili. Nafuu yote inaishia kwenye tangi la fuso.

Wenzetu waliofanikiwa hawakuzifuata kuni, zimewafuata. TPC kule Moshi wanachoma makapi ya miwa, na nauli ya miwa imeshalipwa na sukari. TANWAT Njombe walijenga megawati 2.5 miaka ya 1990, kwa mabaki ya miti ya miwati, ambayo magome yake ni ya kutengenezea ngozi.

Kwetu rundo la namna hiyo ni makapi ya makonyo, kiwanda cha mafuta Wawi. Ila karafuu mnaijua, mwaka inazaa, mwaka inanuna. Ukiupima mtambo kwa mwaka wa neema, mwaka wa pili umelala, na mkopo wa benki haulali. Mie ningeupima kwa mwaka mbaya, hata ukitoa umeme wa kiwanda chenyewe tu.

Jamaa kasema nimemvunjia ndoto. Mwenye bei ya kukodi fuso Konde mpaka Chake aitupie hapo chini, tupige hesabu upya.